Kaye ya Mtu Anayekimbia

Kila mama anayekuja siku ya kupima watoto anaijua karatasi yetu. Tunampima mtoto, tunaandika uzito wake na tarehe, kisha tunachora mstari. Mara nyingine mstari unaanza kushuka wakati mama angali anasema ya kuwa mtoto ni mzima. Mama si mzembe. Anamwona mtoto wake kila siku, kwa hiyo mabadiliko madogo yanampita. Karatasi haisahau uzito wa mwezi uliopita.

Leo tunataka kusema na vijana, maana mwili wao nao unahitaji karatasi ya namna hii. Hapa Lubumbashi kila uwanja wa mavumbi una wachezaji jioni. Si ajabu, sababu hapa ndipo kwao TP Mazembe, waliochukua kombe la vilabu la Afrika mara tano, mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Wengine wanakimbia barabarani asubuhi, mbele ya magari kuwa mengi. Lakini ukiwauliza, "Juma lililopita ulikimbia namna gani, na mwili ulikuwaje?" wanacheka tu. Hawakumbuki.

Eliud Kipchoge wa Kenya hana shida hiyo, sababu anaandika. Huyu alishinda mbio za marathoni, zaidi ya kilometa 42, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na tena kule Japani mwaka 2021. Mwaka 2022 alikimbia Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Hakuna aliyepita mwendo ule mpaka Kelvin Kiptum, Mkenya mwenzake, alipoupita mwaka 2023. Kwa miaka mingi Kipchoge ameandika mazoezi yake kwa mkono katika daftari, ndiyo kaye kama tunavyosema hapa. Tena ana mwalimu hodari, Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya mwaka 1992. Hatusemi ya kuwa kaye ilimpa miguu. Lakini mtu wa namna ile haamini kichwa chake peke yake.

Kaye ya shule inatosha. Asubuhi, ungali kitandani, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, pale mshipa unapopiga. Hesabu mapigo kwa dakika moja nzima, uandike. Andika na saa ulizolala. Jioni andika njia uliyopita, dakika ulizotumia, na kama kazi ilikuwa nyepesi au nzito. Kama kuna maumivu, andika ni wapi. Mistari minne tu. Anayeanza kwa kujaza ukurasa mzima ataacha kisha siku tatu. Kaye za namna hiyo tumeziona nyingi.

Sasa tufikiri kijana mmoja wa Katuba. Jumatatu ameandika: kilometa 6, dakika 32, nyepesi, moyo 57. Jumatano anakwenda kulala kwenye kilio cha jirani, anapata usingizi wa saa tatu. Alhamisi njia ile ile inamchukua dakika 35, na ameandika "nzito". Mtu atasema, ni usingizi tu. Yawezekana. Lakini Ijumaa amelala vizuri, na Jumamosi asubuhi moyo unapiga 72. Kichwa kinauma kidogo, anasikia baridi. Kesho yake kuna mchezo, na ekipi yote inamngojea.

Kijana asiye na kaye atameza kidonge cha kutuliza kichwa, aingie uwanjani. Hapo ndipo hatari. Mwili wenye homa una moto tayari, na kukimbia kunaongeza moto juu ya moto. Moyo unafanya kazi ya watu wawili. Wengine wameanguka hivyo. Mwenye kaye anaona 57 na 72 pamoja kwenye ukurasa mmoja, anajua ya kuwa jambo limeanza tangu Alhamisi. Anakuja hospitali, anatobolewa kidole, tunaona malaria. Anapewa dawa za siku tatu, na anazimaliza zote hata kama siku ya pili anajisikia mzima.

Kaye inamsaidia tena wakati wa kurudi. Malaria inaharibu damu, na damu ndiyo inayopeleka hewa katika misuli. Kwa hiyo homa inaweza kwisha na miguu ikabaki mizito siku nyingi. Kijana anashindwa mbele ya wenzake, anaanza kusema amelogwa, anatafuta mtu wa kumfungia hirizi na fedha zinapotea. Hakuna aliyemloga. Aanze kwa kutembea, kisha akimbie polepole, na aangalie hesabu ya asubuhi ikishuka.

Msiogope mkiona mwendo wa mwezi wa 10 ni mbaya kuliko wa mwezi wa 6. Ni joto. Pimeni Oktoba na Oktoba. Na msiandike uongo ili kumpendeza mwalimu wa mpira. Afadhali ukurasa mtupu. Mwenye ugonjwa wa SS, na yeyote aliyepata kuzimia au kuumwa kifua akikimbia, asianze mazoezi mbele ya kuonana na mganga.

Mkija kwetu, leteni kaye. Tukiuliza homa ilianza lini, wengi wanajibu, "Siku nyingi kidogo." Jibu hilo halitusaidii. Kijana wa Katuba anafungua ukurasa, anaonyesha Alhamisi kwa kidole. Majuma matatu baadaye ukurasa wake unasema: kilometa 6, dakika 33, nyepesi, moyo 58.