Kulinda si Kufuatilia

Mtu atakayeingia mtaa wa Buruburu, ninamoishi, baada ya saa mbili za usiku ataona magari yamepangwa ubavu kwa ubavu mbele ya nyumba, mengine yamekwea ukingo wa njia kwa kukosa nafasi. Miongoni mwayo hakosi kuona Subaru Impreza moja au mbili, bomba la moshi limepanuliwa makusudi ili ngurumo isikike hadi Umoja. Mapenzi haya yana historia yake. Mwaka 1997 marehemu Colin McRae alishinda Safari Rally kwa gari la aina hiyo, na Patrick Njiru alikwisha kuyazoesha masikio ya Wakenya jina la Subaru. Watoto waliokuwa wakikimbilia vumbi la mashindano yale sasa ni watu wazima wenye mishahara, nao wamejinunulia ndoto zao.

Gari la namna hiyo humpendeza mwenyewe, na mwizi pia. Kwa hiyo fundi huitwa, akafungua dashibodi, akaficha ndani yake kijisanduku kinachoenea kiganjani. Vijana wa Eastlands hukiita traka. Wauzaji hukiita ulinzi. Hapo ndipo mimi, ambaye kazi yangu ni kupima maneno, ninapoomba tusimame kidogo.

Kulinda, katika Kiswahili cha mkulima, ni kuwapo. Mlinzi wa shamba la mpunga hukaa juu ya dungu tangu alfajiri, kombeo mkononi, ili ndege wasitue. Kazi yake hutangulia hasara. Kufuatilia ni jambo jingine kabisa. Tazama umbo la neno lenyewe: fuata, fuatia, fuatilia. Kauli ya kutendea imerudiwa mara mbili, na kila inaporudiwa mtu huzidi kung'ang'ania nyuma ya kitu ambacho tayari kimeondoka.

Traka hufuatilia. Wengi wa wanafunzi wangu hudhani kwamba setelaiti huliona gari. La. Setelaiti za mfumo wa GPS, zinazozunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200, hutangaza wakati na mahali zilipo, wala hazijui ni nani anayesikiliza. Kijisanduku ndicho kinachopokea ishara za setelaiti nne au zaidi, kikapiga hesabu ya mahali kilipo, kisha kikapeleka jibu kwa mtandao wa simu, kwa kadi kama ile iliyomo katika simu yako, msomaji. Ishara hizo hufika zikiwa hafifu mno. Gari likitiwa katika kontena la chuma, au mwizi akiwa na kifaa cha kuzivuruga, kijisanduku huwa kiziwi. Hata baina ya maghorofa yaliyobanana ya Pipeline, ishara hugonga kuta, na alama kwenye ramani ikarukaruka kutoka kichochoro hiki hadi kile.

Jirani yangu mmoja aliamka alfajiri akakuta pengo mahali pa gari lake. Simu ilimwonyesha alama nyekundu imetulia upande wa Kayole. Alipajua mahali, aliijua hata saa ambayo gari lilisimama. Jambo asilolijua ni nani angekwenda kulichukua. Kituoni aliambiwa angoje gari la doria. Rafiki zake wakamshauri akusanye vijana waende wenyewe. Namshukuru Mungu kwamba alikataa, kwani alama ile haisemi walio kando ya gari wana silaha gani, wala haisemi kama mlango ulio mbele yake ni wa mwizi au ni wa mtu asiye na habari. Nasi tunajua umati wenye hasira humfanya nini mtu aliyenyoshewa kidole na kuitwa mwizi, kabla hajapata kusema neno. Gari lilipatikana kesho yake, bila magurudumu.

Kisha kuna swali la nani anamfuatilia nani. Magari mengi mitaani kwetu yamenunuliwa kwa mkopo, na aghalabu mkopeshaji huweka traka kuwa sharti. Baadhi ya vifaa hivyo vinaweza hata kuzima injini kwa amri itokayo mbali. Basi mwenye gari hulala akidhani analindwa, kumbe anayefuatiliwa ni yeye: alikolala Jumamosi, kanisa au msikiti anaoswali, hospitali anayokwenda kila mwezi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuelezwa habari zake zinatumiwa kwa kazi gani. Lakini mkataba mmoja niliopata kuonyeshwa ulikuwa na mzaha wake. Tangazo lilikuwa la Kiswahili, kwa herufi kubwa, nalo likasema ulinzi. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kwa herufi ndogo, nao ukasema kufuatilia.

Narudi kwa jirani yangu. Langoni petu alikuwa akikesha mzee mmoja mwenye kurunzi na rungu, ambaye watoto humwita soja, na ujira wake ulitoka katika mchango wa kila nyumba. Magari yalipofungwa traka, mchango ulipungua, nyumba moja baada ya nyingine. Usiku wa wizi ule mzee hakuwapo langoni. Tulikuwa hatujamlipa kwa miezi miwili.