Tumbo la Mbwa na Gunia la Pumba

Mahindi yakikobolewa kwenye mashine za Ipagala, jijini Dodoma, hutoka mafungu mawili. Sembe huenda jikoni. Pumba hubaki kwenye gunia pembeni, zikingoja wenye kuku, wenye nguruwe na wenye mbwa. Jioni mbwa husongewa ugali wa pumba hizo, ukatiwa dagaa waliosalia chini ya ndoo, mchuzi wa jana au kipande cha pafu kutoka buchani. Mbwa hula akamaliza, akalamba na sufuria. Asubuhi uani kuna kinyesi cha maji, na mwenye mbwa analalamika kuwa mnyama wake hana tumbo la kuaminika.

Malalamiko hayo yameongezeka kadiri nyumba zilivyoongezeka. Tangu Serikali ihamie Dodoma, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, viwanja vya Ipagala vimejaa nyumba zenye uzio, na penye uzio hapakosi mbwa. Wengine ni wa kienyeji, wengine ni German Shepherd au chotara wao. Akiharisha, hupewa dawa ya flajili. Isipofaa, hununuliwa mfuko wa chakula cha dukani, na huo nao ukishindwa, hununuliwa wa jina jingine. Fedha zinatoka na tumbo liko palepale, kwa sababu hakuna aliyeuliza ni kitu gani hasa kinachomdhuru.

Chakula kinachomfaa mbwa wa namna hii hupatikana kwa uchunguzi wenye utaratibu, kitu kimoja kimoja. Na kwetu uchunguzi huo unapaswa kuanzia kwenye kile ambacho nyumba imekikataa, kisha ikampa mbwa.

Ugali hauna kosa

Wapo wanaoamini kwamba mbwa ni mla nyama tu, na kwamba nafaka ndiyo inayomharibu. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa jeni za mbwa wa kufugwa na za mbwa mwitu wa kijivu, jamaa yake wa karibu kabisa. Mbwa mwitu alikuwa na nakala 2 za jeni iitwayo AMY2B, inayoiwezesha kongosho kutengeneza amilesi, kimeng'enya cha kuvunja wanga. Mbwa wa kufugwa walikuwa na nakala kuanzia 4 hadi 30. Miaka elfu kadhaa ya kula makombo ya wakulima imeacha alama ndani ya chembe za mbwa. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba mbwa waliotokana na jamii za wakulima wana nakala nyingi, ilhali wale wa nchi za barafu na dingo wa Australia wana chache.

Kwa hiyo mbwa anaweza kula ugali, ila uwe umeiva. Wanga mbichi ni chembechembe ngumu ambazo amilesi haizipenyi kwa urahisi. Maji na moto huzivimbisha na kuzifungua. Ugali wa mbwa, kwa vile ni wa mbwa, mara nyingi husongwa haraka na kuepuliwa kabla ya wakati. Wanga usioiva hupita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, ukafika utumbo mpana, na huko bakteria huuchachua. Gesi hujaa, maji huvutwa ndani ya utumbo, kinyesi kinalegea. Ugali uliolala nao una kasoro ya aina hiyo, kwani sehemu ya wanga wake hujipanga upya unapopoa na kuwa mgumu kumeng'enywa.

Mtama una mambo yake. Wakulima wa Dodoma wanajua kwamba mtama mwekundu wenye uchungu hauvamiwi sana na kwelea kwelea. Uchungu ule ni tanini, na tanini hunata kwenye protini, hivyo ndege huikwepa na utumbo wa mbwa hushindwa kuinyonya protini ipasavyo. Kwa mbwa mwenye tumbo jepesi, mtama mweupe ni afadhali, na wali mweupe uliopikwa hadi ukalainika ni afadhali zaidi.

Kwanza ondoa yasiyo ya chakula

Kabla ya kulaumu sufuria, kuna wageni wa tumboni wa kuwatafuta. Safura, minyoo mingine na kijidudu kiitwacho giadia humharisha mbwa hata akilishwa vizuri namna gani. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa akiharisha damu na kutapika huenda ana parvo, ugonjwa wa virusi unaoua kwa siku chache. Huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo, wala si wa kubadilishiwa chakula.

Yupo pia mbwa anayekula kwa pupa na bado anakonda, huku akitoa kinyesi kingi, cha rangi iliyopauka na chenye mafuta. German Shepherd wanaongoza kwa tatizo hili. Kongosho lao hudhoofika, na dalili hujitokeza pale takriban asilimia 90 ya uwezo wa kutoa vimeng'enya inapokuwa imepotea. Mbwa wa hivyo anahitaji kuongezewa vimeng'enya kwenye kila mlo.

Flajili, yaani metronidazo, ina historia ndefu ya kutolewa kiholela. Kuharisha kwa ghafla kwa mbwa mwenye afya mara nyingi hukoma kwenyewe ndani ya siku chache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mbwa wazima waliopewa metronidazo walivurugika bakteria wa utumboni, na baadhi ya mabadiliko yaliendelea kuonekana wiki 4 baada ya dawa kusimamishwa. Ukimpa kila anapoharisha, unafukuza na walinzi wa utumbo wenyewe.

Jaribio la wiki mbili

Minyoo ikishatibiwa na tumbo likaendelea kusumbua, jaribio la kuondoa vyakula ndilo kipimo bora, na linafanyika jikoni kwa vitu vya sokoni.

Chagua protini moja ambayo mbwa hajawahi kula na wanga wa aina moja. Kwenye kuchagua protini, mazingira yetu yanapindua ushauri wa vitabu vya nje. Ulaya, nyama ya mbuzi huuzwa kama kitu cha pekee kwa mbwa wenye mzio. Dodoma mbuzi yuko kila bucha, na mbwa wengi wameshatafuna mifupa yake tangu utotoni, kwa hiyo si protini mpya hata kidogo. Aliyekuzwa kwa mbuzi na utumbo wa ng'ombe anaweza kujaribiwa kwa perege wa bwawa la Mtera aliyetolewa miba. Aliyekuzwa kwa dagaa asijaribiwe kwa samaki yeyote, maana protini za samaki hufanana. Huyo atafutiwe sungura au mayai ya kuchemsha, ilimradi hajawahi kula.

Pika bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu cha aina yoyote, kwa kuwa vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Engua mafuta yanayoelea, kwani mafuta mengi huchokoza kongosho. Sehemu mbili za wali kwa moja ya protini zinatosha kwa kuanzia. Mbwa mzima wa kilo 20 anahitaji takriban kilokalori 1,000 kwa siku, na tumbo dhaifu hupokea vizuri zaidi mlo huo ukigawanywa mara tatu. Kama haharishi sana, badilisha kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani, ili bakteria wa utumbo wapate muda wa kuzoea.

Ugumu uko kwenye kuzuia vingine vyote. Ukoko aliorushiwa na mtoto au mfupa wa jirani unatosha kuharibu majibu. Mbwa anayezurura hadi jalalani hawezi kufanyiwa jaribio hili, kwa hiyo lazima afungiwe ndani ya uzio. Maziwa nayo yakae mbali, kwani mbwa wengi wazima hawana kimeng'enya cha laktesi cha kutosha kuvunja sukari yake.

Kila siku andika hali ya kinyesi kwa alama. Madaktari hutumia ngazi ya 1 hadi 7, ambapo 1 ni kigumu kama changarawe na 7 ni maji matupu. Kinachotakiwa ni 2 au 3, yaani kinachookoteka bila kupoteza umbo. Tatizo likiwa la chakula, tumbo kwa kawaida hutulia ndani ya wiki 2. Mbwa anayejikuna huhitaji hadi wiki 8.

Kisha ije hatua ambayo wengi huiruka kwa furaha ya kuona mbwa amepona. Rudisha chakula cha zamani kimoja kimoja, siku kadhaa kwa kila kimoja. Kinachorudisha kuharisha ndicho chenye kosa. Bila hatua hii umebaki na mbwa aliyepona na mshtakiwa asiyejulikana, na huwezi kuendelea na wali na perege milele. Mlo huo hauna kalisi ya kutosha, na mbwa mzima akiushikilia kwa miezi mifupa yake itadhoofika. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa laini, hutoa takriban gramu 2 za kalisi kwa kijiko cha chai, lakini mlo wa kudumu upangwe na daktari wa mifugo.

Wakati wa kurudisha vyakula kuna viwili visivyofaa hata kujaribiwa, navyo Dodoma si haba. Zabibu, zao linalolitambulisha jiji hili, zinaweza kuua figo za mbwa. Mwaka 2021 madaktari wa kituo cha sumu za wanyama nchini Marekani walipendekeza kwamba kinachodhuru ni asidi ya tatariki, na baadaye wakaeleza mbwa waliougua figo baada ya kula ukwaju, tunda lenye asidi hiyohiyo kwa wingi.

Zikishtakiwa pumba

Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikusanya taarifa za mbwa 297 waliothibitika kuwa na mzio wa chakula wa ngozi. Nyama ya ng'ombe ilihusika kwa asilimia 34, maziwa na mazao yake 17, kuku 15, ngano 13. Mahindi yalihusika kwa asilimia 4 tu. Basi pumba zikirudishwa na mbwa akaharisha, mahindi yenyewe hayapaswi kuwa wa kwanza kutiliwa shaka. Shaka iende kwenye hali ya pumba zile.

Pumba hubeba ganda na kiini cha punje. Kiini kina mafuta, na mafuta hayo huvunda upesi kwenye joto la gunia. Na ukungu ukiwa umeingia kwenye mahindi, sehemu kubwa ya sumukuvu hukaa humohumo kwenye ganda na kiini. Kukoboa hupunguza sumu kwenye sembe na kuirundika kwenye pumba. Familia inapata fungu salama zaidi, mbwa anapata fungu lililobeba sumu.

Historia ya sumukuvu imejaa mbwa. Mwaka 1952 madaktari wa mifugo wa Marekani walieleza mlipuko wa ugonjwa wa ini kwa mbwa, na chanzo hakikujulikana. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yenye ukungu, na hapo ndipo sumukuvu iitwayo aflatoksini ikagunduliwa. Baadaye majaribio yalionyesha kwamba ugonjwa wa mbwa wale wa 1952 ulilingana na sumu hiyohiyo. Magharibi mwa India mwaka 1974, mahindi yaliyooza yaliwafanya watu 397 waugue na kuwaua 106, na mbwa wa vijijini waliokula chakula cha nyumba hizo wakafa pia. Kenya ilipoteza mbwa wengi Nairobi, Mombasa na Eldoret mwaka 1977 na 1978 kwa vyakula vilivyohifadhiwa vibaya. Mwaka 1981 ikaja zamu ya watu, 12 wakafa Machakos. Kwetu ilikuwa mwaka 2016, watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara na 20 wakafariki, chanzo kikiwa mahindi.

Kuharisha peke yake hakuthibitishi sumukuvu. Dalili zake ni mbwa kukataa chakula, kutapika, fizi na macho kuwa ya njano, mkojo mweusi na kinyesi chenye damu au rangi ya lami. Hizo ni dalili za ini kushindwa, na ni za kwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Lakini kiasi kidogo cha kila siku hulichosha ini bila kelele. Kwa mahindi ya watu, kiwango cha juu kinachokubaliwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo. Pumba za gunia la pembeni mwa mashine ni nadra kupimwa.

Kupika hakusaidii, kwa kuwa aflatoksini huvumilia moto wa jikoni. Kinachosaidia ni kukausha na kuhifadhi. Weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Yaliyokauka yatiwe kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa.

Kisha yapo yale yanayochambuliwa pembeni, yenye ukungu, yaliyotobolewa au kubadilika rangi. Kwa desturi huitwa ya kuku na mbwa. Hayo yafukiwe. Yasiende kwa mbwa, wala kwa kuku, wala kwa ng'ombe wa maziwa, ambaye ataitoa sumu hiyo kwenye maziwa ya watoto. Na anayenunua pumba aulize kama mahindi yalichambuliwa kabla ya kukobolewa. Asipopata jibu, dona ya mahindi aliyoyachambua kwa mkono wake, ikasongwa hadi ikaiva, itamfaa mbwa wake kuliko pumba za bei nafuu, na huenda ikamgharimu kidogo kuliko mfuko wa tatu wa chakula cha dukani.