Treni ya Mwendokasi kwa Msafiri wa Raskazone

Treni inayoitwa ya mwendokasi iliyo karibu zaidi na Raskazone, mjini Tanga, haiko Tanzania. Iko Miritini, pembeni mwa Mombasa. Safari huanza kwa bajaji hadi stendi ya Kange, kisha basi la Mombasa, kilomita 65 za lami hadi mpaka wa Horohoro. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya.

Treni hiyo, Madaraka Express, ilizinduliwa Mei 31, 2017. Huvutwa na injini za dizeli zisizozidi kilomita 120 kwa saa, na treni isiyosimama njiani hufika Nairobi, umbali wa kilomita 472, kwa takriban saa tano. Daraja la kawaida lilianza na nauli ya Sh700 za Kenya. Tangu Januari 2024 ni Sh1,500, na daraja la kwanza Sh4,500. Tiketi ya mtandaoni kwa kawaida hulipiwa kwa M-Pesa ya Kenya, kwa hiyo mgeni asiye na laini ya huko aulizie mapema njia ya kulipa.

Umoja wa Kimataifa wa Reli huhesabu njia mpya kuwa ya kasi ikifikia kilomita 250 kwa saa. Afrika Mashariki haina njia hiyo. Hata treni ya umeme ya Dar es Salaam–Dodoma, iliyoanza Julai 2024, hukimbia 160. Watu wa Tanga waliopanda treni ya kasi hasa huenda ni mahujaji: Haramain, iliyofunguliwa 2018, hukimbia 300 na kumaliza kilomita 450 za Makka na Madina kwa saa mbili na ushei. Umbali unakaribiana na wa Mombasa–Nairobi, muda haufiki nusu.

Bidhaa inayouzwa na treni ni muda, nao hupotea kabla na baada ya reli. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, mbali na katikati ya jiji. Kwa atokaye Tanga, barabara ya Dongo Kundu imeleta nafuu kubwa, kwani humfikisha Miritini bila kusubiri kivuko cha Likoni.

Inauma kwamba Tanga ndiko reli ya Tanzania Bara ilikoanzia, mwaka 1893. Treni ya Dar es Salaam–Arusha, iliyorejeshwa 2020, hupita Korogwe bila kufika Tanga mjini, na reli ya kisasa ya Tanga–Arusha–Musoma bado ni mpango. Kwa hiyo hoteli ya Raskazone inayomtaka abiria wa treni itamfuata Miritini, kwa gari lenye vibali vya kuvuka Horohoro.