Usiuziwe Kimeo: Hema la Kuhimili Pori la Simiyu

Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima, Busega, wote sogeeni hapa. Serengeti tunapakana nayo mazima. Ukitoka Bariadi mjini, lami ya kama kilomita 70 inakutua Lamadi, na toka Lamadi geti la Ndabaka haliko mbali. Kiingilio cha Mbongo kinalipwa kwa shilingi, tena ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Ila uliza kitaani ni wangapi wamewahi kulala porini hata usiku mmoja. Wachache sana. Bata lote tumewaachia watalii.

Mkwanja unachangia, sikatai. Lakini hata huo mdogo tukiupata tunapigwa: mtu anabeba hema kwa sababu rangi imekaa freshi na boksi limeandikwa "watu 4". Dhoruba ya kwanza, hema linasepa. Sanuka, mwanangu. Hema la Simiyu linachaguliwa kwa jua, upepo na udongo. Mvua inafuata nyuma.

Jua halina mshkaji

Tupo karibu kabisa na ikweta, na kuanzia Juni mpaka Septemba hakuna wingu la kutusitiri. Jua linakula nyuzi za kitambaa kimyakimya. Hema linaonekana zima, siku ukilivuta kidogo linachanika kama lote.

Nailoni ni nyepesi na ngumu kuchanika, ila jua linaichosha mapema na ikilowa inalegea. Poliesta inavumilia jua zaidi, na ikinyeshewa inabaki imekaza. Kwa mtu wa boda na begi mgongoni, chukua poliesta, usijiulize mara mbili.

Wenye gari wana mchongo mwingine: turubai zito la pamba. Sisi ndio wenye pamba, mzigo mkubwa wa pamba ya Tanzania unatoka mashambani kwetu, kwa hiyo tuiheshimu. Turubai la pamba linapumua, mchana huungui ndani, na likilowa nyuzi zinavimba na kuziba vitundu. Likiwa jipya, limwagie maji kwanza nyumbani, liache likauke, ndipo uende nalo porini. Balaa lake ni uzito, na ukilikunja bichi linaota ukungu, umeliua.

Upepo unatangulia

Mvua za vuli zinavyoingia kwetu, Oktoba na Novemba, wote tunazijua. Mchana joto limekaba. Ghafla vumbi linasimama, hewa inapoa, mabati yanaanza kugonga, na upepo unashuka kwa kishindo kabla tone la kwanza halijagusa chini. Hapo ndipo hema la kimeo linapoaga. Lile refu lenye kuta zilizosimama wima linajaa upepo kama tanga la mtumbwi.

Tafuta hema fupi, la mviringo, ambalo fito zake zinakatizana sehemu kadhaa. Kila zinapokatizana, hema linapata nguvu. Halafu kagua fito zenyewe. Za faiba zikizidiwa zinapasuka vipande vyenye ncha, na ncha hizo ndizo zinazochana kitambaa. Za aluminiamu nzuri hujipinda kwanza, unazinyoosha taratibu, safari inaendelea. Ukiwa na mpunga wa kuongeza sehemu moja tu, ongeza kwenye fito.

Zile kamba za pembeni sio mapambo. Zifunge zote, hata kama jioni imetulia, uzivute zilale kwa mshazari mbali na hema. Mlango usitazame upepo unakotoka.

Udongo wetu una majina

Hapa ndipo video za mtandaoni hazikusaidii, kwa sababu waliozitengeneza hawajakanyaga Itilima. Wazee wetu wa Kisukuma waliusoma udongo zamani wakaupa majina, na kila jina linakwambia kigingi cha kubeba.

Luseni ni mchanga mwepesi. Kigingi chembamba kinaingia fasta na kutoka fasta. Hapo unataka kirefu na kipana, kipande cha chuma cha kona kinafaa kabisa. Kikigoma, jaza kiroba mchanga, funga kamba, kifukie. Hakitoki.

Itogolo ni ile ardhi iliyokauka ikawa kama sakafu. Vile vigingi vya waya vinavyokuja na hema ukivigonga pale vinajikunja hata kabla havijazama nusu. Dawa ipo kitaani: nenda kwa fundi wa kuchomelea, akukatie nondo ya milimita 10, vipande vya sentimita 30, achonge ncha upande mmoja na kupinda kichwa upande wa pili. Beba na nyundo. Huo ni mchongo rahisi kuliko vyote humu, na ndio unaookoa mahema mengi.

Halafu kuna udongo mweusi wa mbugani. Kiangazi una nyufa, kigingi kinadumbukia bila kushika. Masika unavimba, unanata, na maji yanatuama juu. Msimu wa mvua usilale hapo, hata hema liwe la bei gani. Panda sehemu iliyoinuka, na ukae mbali na mito ya msimu, maana mvua inaweza kunyesha mbali huko na maji yakakufuata usiku wa manane.

Chini ya hema tandika turubai dogo, miiba ya migunga haina huruma. Liwe dogo kuliko sakafu ya hema, likizidi pembeni litakusanya maji ya mvua na kuyaleta chini ya mgongo wako.

Mvua sasa

Kwenye lebo utaona namba za milimita. Hema la 3,000 maana yake kitambaa kilibeba maji yenye kimo cha mita 3 kabla hayajaanza kupenya. Kava la juu lianzie 2,000, likifika 3,000 ni unyama. Sakafu iwe juu zaidi, kwa sababu mwili wako unaikandamiza kwenye maji usiku kucha. Na kava lishuke mpaka karibu na ardhi. Lile dogo kama kofia ni la picha tu.

Dukani usione aibu. Geuza kava, angalia mishono kwa ndani: inatakiwa iwe imezibwa kwa utepe, na utepe usibanduke ukiupitishia ukucha. Fungua na kufunga zipu mara nyingi, hasa kwenye kona. Kwa hema la mtumba, pitisha kiganja ndani ya kava. Likinata au likitoa unga mweupe, utando wa kuzuia maji umekufa, usilipie. Na kumbuka, "watu 4" kwa kawaida ni watu 2 au 3 wenye mabegi.

Kwa machimbo, Arusha na Moshi kuna wauzaji na wakodishaji wa vifaa vya wapanda mlima. Mahema yaliyopita Kilimanjaro yamekutana na upepo wa kweli, ukiyakagua vizuri unaweza kuokota dhahabu.

Mawili ya usalama. Hema halizuii radi, na ukanda wetu wa Ziwa radi zake si mchezo: ikianza kuunguruma, ingia kwenye gari au nyumba, na usipige kambi chini ya mti uliosimama peke yake. Pili, kambi za Serengeti hazina uzio, kwa hiyo chakula hakilali ndani ya hema, fisi ananusa. Pori la Akiba la Maswa nalo sio la kujipachika, pata kibali kwanza.

Wana, hili tunaliweza. Watu 4 mkichanga kidogo kidogo, mnapata hema moja la maana linalodumu miaka, mnaanika kila mkirudi, mnapokezana. Kati ya Mei na Julai nyumbu wanapita ukanda wa magharibi wa Serengeti, upande huu wetu kabisa, na mvua zinakuwa zinakata. Ni haki yetu kuwaona kabla watu hawajatoka mbali kuja kuwaona. Anzeni kuchanga leo, na nondo mkakate wiki hii.