MCHEZAJI WA SENEMA NA KAZI YAKE

Mtu aketiye mbele ya kitambaa cheupe cha senema kwa muda wa saa moja na nusu hudhani kwamba ameiona kazi yote ya wachezaji. Amemwona mchezaji akitembea, akicheka, akilia, pengine akifa. Kisha taa zawashwa, naye arudi nyumbani akisema kwamba kazi ile ni nyepesi, tena yaleta fedha nyingi. Hayo ndiyo mawazo ya vijana wengi, wa mjini na wa mashambani. Wazazi nao huingiwa na hofu mtoto wao asemapo kwamba ataka kuwa mchezaji wa senema. Kijana afikiri ni bahati, na mzazi afikiri ni uhuni. Wote wawili hawajaelezwa kazi yenyewe ilivyo.

Habari za mtu mmoja wa Kakamega zaweza kuwasaidia. Bwana Oliver Litondo alizaliwa Kakamega mwaka 1948. Watu wengi wa Kenya walimjua kwanza kwa habari, maana alikuwa mwandishi na mtangazaji. Kazi ya senema aliifanya pia, lakini kwa kudonoa, kama kuku adonoavyo punje uani. Wageni walipokuja Kenya kutengeneza picha zao, walihitaji wachezaji wa nchi hii, naye akapewa sehemu. Ndivyo alivyoonekana katika picha iitwayo "The Lion of Africa" katika miaka ya 1980, na katika "Ivory Hunters" ya mwaka 1990, ambayo yahusu wale wauao ndovu kwa ajili ya pembe zao. Katika picha za namna hiyo wakubwa wa mchezo huwa ni wageni, na majina yao ndiyo yaandikwayo kwa herufi kubwa kwenye matangazo. Mwafrika mara nyingi huwa askari, au mpishi, au mwongoza njia. Husema maneno machache, kisha haonekani tena.

Ikapita miaka ishirini. Bwana Litondo alikuwa amefika umri ambao watu wengi wamekwisha kustaafu na kurudi mashambani kwao, ndipo alipopewa sehemu iliyo kubwa kuliko zote katika picha nzima. Picha hiyo ni "The First Grader", maana yake Mwanafunzi wa Darasa la Kwanza. Ilitengenezwa na Waingereza, ikaongozwa na Bwana Justin Chadwick, nayo ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 2010.

Yafaa msomaji akumbuke habari zenyewe, maana si hadithi ya kubuni. Mwaka 2003 Serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi. Mwezi wa Januari mwaka 2004 mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyesema kwamba umri wake ni miaka 84, alikwenda katika shule ya Kapkenduiywo mjini Eldoret akataka kuandikwa darasa la kwanza. Mzee huyu alikuwa amepigana katika vita vya Mau Mau. Alitaka ajue kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, asiwe mtu wa kusomewa tu, na ajue kuhesabu fedha zake. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama watoto wengine, akaketi kwenye dawati. Mwalimu mkuu, Bibi Jane Obinchu, alimkubali ijapokuwa wako waliolalamika. Mwaka 2005 wanafunzi wenzake walimchagua kuwa kiranja mkuu, na mwaka huohuo alipanda ndege mara ya kwanza maishani mwake, akaenda New York kuwahimiza wakubwa wa Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure.

Basi mtu huyo ndiye ambaye Bwana Litondo alitakiwa kuwa. Na hapa ndipo kazi ya mchezaji ionekanapo kuwa ngumu. Maruge alikuwa Mkikuyu. Bwana Litondo ni Mluhya. Maruge alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, naye Litondo alikuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka ishirini. Maruge hakujua hata herufi moja. Litondo aliishi kwa kusoma na kuandika. Mtu aliyezoea kalamu yampasa aishike kana kwamba ni kitu asichowahi kukigusa, tena afanye hivyo mbele ya watu walioizoea, wasimcheke kwa kuona kwamba ajifanya. Lisemwe pia jambo moja ambalo halikuwa dogo. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, watu wa makabila mbalimbali walipigana katika Bonde la Ufa, na mzee Maruge mwenyewe alipoteza makao yake akaishi katika kambi ya waliofukuzwa. Miaka miwili tu baadaye watazamaji walimwona mtu wa Kakamega akiyabeba maumivu ya mzee wa Kikuyu, akayabeba kwa heshima.

Watu wa Isukha na Idakho, huko Kakamega, wana ngoma yao ya isukuti, ambayo yajulikana hata ng'ambo. Mchezaji wa isukuti huwaona watazamaji wake. Wakishangilia, miguu yake yapata nguvu. Wakinyamaza, ajua kwamba imempasa abadili mwendo. Mchezaji wa senema hana msaada huo. Mbele yake iko kamera, na nyuma ya kamera wako mafundi wa taa, fundi wa sauti, mwenye kuandika hesabu ya vipande, na mwongozaji. Hao wote hawaruhusiwi kucheka wala kulia, maana sauti zao zingeingia katika mchezo. Mchezaji hulia peke yake mbele ya watu walionyamaza kama jiwe, kisha mwongozaji husema, "Mara nyingine tena." Hapo budi alie upya, kwa machozi yaleyale na kwenye neno lilelile. Kipande kichukuacho nusu dakika mbele ya watazamaji chaweza kumaliza asubuhi nzima ya kazi.

Tena mambo hayatengenezwi kwa taratibu kama yasomwavyo katika kitabu. Ikiwa mchezo waanzia nyumbani na kumalizikia nyumbani, mafundi hawatasafirisha vyombo vyao mara mbili. Watapiga mwanzo na mwisho siku moja, na katikati watapiga juma lijalo. Kwa hiyo asubuhi mchezaji huwa mtu aliyekwisha kufaulu, na alasiri huwa mtu ambaye hajaanza safari. Imempasa akumbuke kila mara ajua nini na hajui nini, amechoka kiasi gani, hata mkongojo ulikuwa katika mkono gani. Akikosea, watazamaji huenda wasiweze kusema kosa liko wapi, lakini wataacha kumsadiki.

Katika "The First Grader" ulikuwako ugumu mwingine, na pengine ulikuwa msaada pia. Bwana Chadwick hakuleta watoto waliofundishwa kuigiza. Alikwenda katika shule halisi ya mashambani katika Bonde la Ufa, akawatumia wanafunzi wa shule hiyo, watoto ambao hawakuzoea senema wala televisheni. Mwingereza Bibi Naomie Harris, aliyechukua sehemu ya mwalimu mkuu, aliwafundisha masomo, nao wakamwita Mwalimu Jane. Mtoto wa namna hiyo hadanganyiki kwa urahisi. Humtazama mzee aliyeketi dawatini karibu naye kama amtazamavyo mzee yeyote, na mzee akijifanya, uso wa mtoto utaonyesha. Picha hiyo ilipopelekwa katika mkutano mkubwa wa senema mjini Toronto, Kanada, mwaka 2010, watazamaji waliipigia kura ikawa ya pili kwa kupendwa.

Ngoja hiyo ya miaka ishirini haikumpata Bwana Litondo peke yake. Yatokana na jinsi senema ilivyoingia Afrika. Mwaka 1935 Waingereza walitoa picha iitwayo "Sanders of the River", na mchezaji wake mkubwa Mwafrika alikuwa Bwana Paul Robeson, mwimbaji mashuhuri wa Marekani. Sehemu kubwa ya mchezo ilitengenezwa Uingereza, na kwa kuwa watu weusi wengi walihitajika, waliokuwa wakiishi London waliitwa. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi kutoka Kenya aliyekuwa na shida ya fedha: Jomo Kenyatta, ambaye baadaye, mwaka 1964, alikuwa Rais wa kwanza wa nchi yake. Katika picha hiyo alikuwa mmoja wa watemi wadogo, na mtazamaji asiyeambiwa hawezi kumtambua.

Habari za Robeson zafaa kufikiriwa zaidi kuliko za Kenyatta. Aliikubali kazi hiyo akiamini kwamba ngoma na desturi za Afrika zitaonyeshwa kwa heshima. Picha ilipokwisha kukatwa na kuunganishwa, aliona kwamba imekuwa ya kuusifu utawala wa Waingereza, akaikana. Hili vijana wengi hawalijui. Mchezaji hutoa sura yake na sauti yake, lakini makasi yako mikononi mwa watu wengine. Maneno aliyoyasema kwa maana moja yaweza kuwekwa mahali yapatapo maana nyingine, naye ataambiwa na watazamaji kwamba ni yeye aliyesema.

Wako pia ambao sehemu moja huwashika maisha yote. Bwana Joseph Olita wa Siaya alikuwa mtu mwenye mwili mkubwa, naye alichaguliwa kuwa Idi Amin katika picha ya Bwana Sharad Patel iliyohusu kuinuka na kuanguka kwa mtawala huyo wa Uganda, mapema katika miaka ya 1980. Aliifanya sehemu hiyo vizuri hata miaka kumi baadaye, katika "Mississippi Masala" ya mwaka 1991, alipoitwa tena, aliitwa kuwa Amin. Mpaka alipofariki mwaka 2014, watu walimjua kwa jina la mtu mwingine. Ni sifa, lakini ni sifa inayofunga mlango.

Bwana Sidede Onyulo alipata bahati iliyo tofauti kidogo. Wajerumani walipotengeneza Kenya picha yao "Nirgendwo in Afrika", yaani Si Mahali Popote katika Afrika, yeye alikuwa Owuor, mpishi wa jamaa ya Wayahudi waliomkimbia Hitler. Mpishi tena, msomaji atasema. Ni kweli. Lakini mpishi huyu ana akili, ana hasira na ana heshima yake. Ndiye amfundishaye mtoto wa kigeni kuishi katika nchi, na asema Kiswahili bila haraka kama mtu aliye kwao. Picha hiyo ilitoka mwaka 2001, na mwaka 2003 ilipewa Marekani tuzo ya Oscar ya picha bora ya lugha ya kigeni. Onyulo aliichukua sehemu ya mtumishi akaifanya kuwa nguzo ya nyumba.

Wengine watamtaja Bibi Lupita Nyong'o, na kusema kwamba yeye hakungoja. Alipewa Oscar mwezi wa Machi mwaka 2014 kwa sehemu ya Patsey, mtumwa, katika "12 Years a Slave". Lakini zamani wageni walipotengeneza "The Constant Gardener" katika Kenya, iliyotoka mwaka 2005, alikuwa mmoja wa wasaidizi wa kazi, akitumwa huku na huko kama vijana wengine. Mwaka 2009 alicheza katika "Shuga", mchezo wa televisheni wa kuwaonya vijana juu ya UKIMWI. Kisha akaenda chuo cha Yale kujifunza uigizaji, akamaliza masomo yake. Kungoja kwake kulikuwa kwa kujifunza.

Kwa hiyo mzazi wa Kakamega akiulizwa na mtoto wake, hana haja ya kugomba wala ya kushangilia. Amwulize kwanza atakula nini katika miezi ambayo hakuna picha inayotengenezwa, maana miezi hiyo ni mingi kuliko ile ya kazi. Bwana Litondo alikuwa na kazi ya habari. Mchezaji asiye na kazi nyingine hukubali sehemu yoyote, hata ile imwaibishayo. Amwulize pia kama ataisoma hati ya mapatano kabla ya kutia sahihi, tena aisome yote: siku ngapi za kazi, malipo lini, nani alipaye chakula na usafiri, na kama picha itaonyeshwa katika nchi nyingine atapata kitu au hatapata. Wengi wamelipwa mara moja, na picha zao zingali zikizunguka ulimwenguni.

Mahali pa kuanzia hapako mbali. Mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule za Kenya yalianza mwaka 1959, na kila mwaka wanafunzi hushindana katika kaunti zao kabla ya kufika mbele ya taifa. Huko mtoto hujifunza kukariri maneno, kusikia wenzake, kuja kwa wakati, na kurudia jambo mpaka liwe sawa. Mwalimu aangaliaye vema hutambua upesi ni nani apendaye kazi na ni nani apendaye kupigiwa makofi.

Mzee Maruge alifariki tarehe 14 Agosti mwaka 2009. Aliendelea na masomo yake mjini Nairobi hata baada ya kuhama Eldoret, lakini hakuiona picha iliyotengenezwa kwa habari zake. Watu walioketi gizani Toronto na London, na mahali pengine pengi, wamemjua kwa uso wa Bwana Litondo.