Adabu na Shukrani kwa Watumishi wa Kila Siku

Mtu akaaye mjini hutumikiwa na watu wengi kwa siku moja kuliko babu yake alivyotumikiwa kwa mwezi mzima. Kabla jua halijapanda, askari wa usiku amekwisha mfungulia lango, utingo wa matatu amempokea nauli, naye amepita katika barabara ambayo mtu mwingine aliifagia kungali giza. Huko shambani nako kuna mpima maziwa, karani wa chama cha ushirika, mwendesha bodaboda na mwuguzi wa zahanati. Wengi wa watumishi hawa hawajulikani kwa majina na wale wanaotumikiwa, na hapo ndipo adabu inapoanza kupotea.

Zamani kazi nyingi zilifanywa baina ya watu wajuanao. Jirani alipokuja kusaidia kulima au kuezeka nyumba hakupewa mshahara. Alilishwa vizuri, na siku yake ilipofika naye alisaidiwa. Shukrani ilikuwa ndani ya malipo yenyewe. Fedha ilipoingia, malipo na shukrani vilitengana, ndiyo sababu husikika watu wakisema, "Nimshukuru kwa nini? Si amelipwa?" Hoja hii ina kasoro. Fedha hulipa kazi iliyoagizwa. Mwuguzi hulipwa kwa kumchoma mtoto sindano. Kumshika mkono mtoto huyo ili asiogope ni jambo atoalo kwa hiari yake, wala halina hesabu katika mshahara wake.

Lugha ya Kiswahili yenyewe yaweza kuwa mwalimu katika jambo hili. Neno "asante" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni "umefanya vema." Basi mwenye kusema asante hajishushi wala hapungukiwi na kitu, hutoa ushahidi tu ya kuwa kazi imeonekana, tena imeonekana kuwa njema. Wagikuyu nao husema "ni wega," yaani ni vizuri, na maana yakaribia kuwa ile ile. Wajaluo husema "erokamano," Wakalenjin "kongoi," na Wamasai "ashe." Msafiri ajuaye neno moja la namna hii katika lugha ya mwenzake, akalitumia mahali pake, atapokewa vizuri kuliko yule aliyevaa suti na kununa.

Liko pia neno "pole," ambalo wageni hulistaajabia sana. Wao hudhani ni neno la msiba peke yake. Lakini mtu apitaye karibu na wachimbaji wa mtaro juani akasema, "Poleni na kazi," hakuwahurumia kama wafiwa; amewaambia ya kwamba ameiona taabu yao. Nao huitikia, "Asante, tumekwisha poa," kisha huinamia sururu zao. Hakuna shilingi iliyotoka mfukoni, wala kazi haikusimama.

Mahali ambapo adabu hujaribiwa zaidi ni ndani ya matatu. Gari hilo lilipata jina lake kwa sarafu tatu za senti kumi kumi, ambazo ndizo zilizokuwa nauli ya siku za mwanzo, na mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliliruhusu kuchukua abiria bila leseni maalumu. Mwezi Februari 2004 sheria kali zilianza kutumika: madereva waliamriwa kuvaa sare ya buluu, na matingo sare yenye rangi ya damu ya mzee. Sare ilimfanya utingo ajulikane kuwa ni mtu mwenye kazi maalumu, lakini haikuzuia matusi. Ni kweli kwamba wako matingo wajeuri, wenye kupandisha nauli mvua inaponyesha na kuwasukuma akina mama wenye mizigo. Watu hao hawatetewi hapa. Lakini yafaa kufikiri juu ya utingo mwema. Huamka usiku wa manane, hushinda akisimama, hubishana juu ya chenji na watu mia, na jioni humpelekea mwenye gari hesabu iliyopangwa, watu wawe wengi au wachache. Abiria aandaaye nauli yake mapema, akaitoa bila kuitupa, akasema asante ashukapo, humpunguzia mtu huyo mzigo mkubwa. Na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 kuna ubaya mwingine mdogo: mtu aweza kulipa nauli au chakula akiikodolea macho simu yake, asijue hata uso wa aliyemhudumia.

Namna ya kumwita mtumishi nayo ni jambo zito. Katika siku za ukoloni mtu mzima mwenye wajukuu, aliyepika au kufua nyumbani kwa Mzungu, aliitwa "boi," neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto wa kiume. Watu waliona uchungu, na walikuwa na haki ya kuona uchungu. Bendera ya kikoloni iliteremshwa Desemba 1963, lakini tabia iliyobebwa na neno hilo haikuondoka nayo. Zipo nyumba za Waafrika ambamo mtoto wa miaka sita humwamuru mpishi mwenye umri wa nyanya yake kwa jina tupu, na wazazi wakicheka. Mtoto huyo huyo mgeni akija na gari huambiwa, "Haya, mwamkie mgeni." Kama "shikamoo" ni heshima ya umri, kama isemwavyo Pwani, basi mpishi aistahili kabla ya mgeni kijana. Katika mikahawa nako, kumwita mtumishi kwa kupiga mbinja au kugonga meza ni ushenzi. "Ndugu," "dada," "mama" na "mzee" ni maneno yasiyouzwa dukani.

Hata hivyo, maneno matamu hayawezi kuwa badala ya haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi apewe angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi pamoja na mshahara wake kamili. Mtumishi wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani nalo lilipitisha Mkataba namba 189 kwa ajili ya watumishi wa nyumbani. Bibi wa nyumba amwambiaye yaya "asante, mwanangu" kila jioni, na huku hajamruhusu kwenda kwao tangu mwaka uliopita, bado ana deni.

Wengine huuliza juu ya zawadi. Waswahili wa zamani walikuwa na majina yake: fundi alipomaliza kazi aliweza kupewa "kiinua mgongo," kwa kuwa alikuwa ameinama muda mrefu, na mwanafunzi alipohitimu ufundi, mwalimu wake alipewa "kilemba." Bakhshishi ya mkahawani ni ya ukoo huo huo. Alama yake ni kwamba hutolewa baada ya kazi, kwa hiari na hadharani. Lakini mtumishi wa serikali adaiye "chai" kabla ya kutoa cheti, au askari adaiye "kitu kidogo" barabarani, haombi shukrani. Hiyo ni hongo, na neno hilo pia ni la zamani: lilikuwa jina la ushuru ambao misafara ililipa kwa wakuu wa nchi ili ipate kupita. Siku hizi Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humtia hatiani mtoaji na mpokeaji pia.

Kwa mwuguzi au karani aliyetenda vema iko njia nyingine isiyo na lawama, nayo ni kumwambia mkubwa wake. Barua za malalamiko huwafikia wakubwa kila siku. Za sifa ni chache mno. Mistari minne yatosha: jina la mtumishi, siku, mahali, na jambo alilolitenda.