Pua ya Chuma na Pua ya Mtu: Sumaku katika Uhandisi na Tiba ya Masikio, Pua na Koo

Utangulizi

Neno 'pua' katika Kiswahili lina maana mbili zisizohusiana. Maana ya kwanza ni kiungo cha uso ambacho kwacho mtu hupumua na kunusa. Maana ya pili ni chuma kigumu, yaani chuma cha pua, ambacho hutengenezewa visu, reli, meli na matangi. Sisi wanafunzi wa semantiki tumezoea kulitaja neno la aina hii kama mfano wa homonimu, kisha tukaendelea na mada nyingine. Makala haya yanalirudia kwa sababu tofauti. Kuna kitu kimoja kinachohudumu katika pua zote mbili: hukwea kuta za chuma pamoja na mhandisi, na huingia katika kliniki ya daktari wa masikio, pua na koo. Kitu hicho ni sumaku.

Makala yananuia kueleza, kwa Kiswahili, jinsi sumaku inavyofanya kazi katika nyanja hizi mbili. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba uteuzi wa istilahi si suala la mapambo. Neno likikosewa, mtambo unaweza kuanguka na mgonjwa anaweza kudhurika.

Kanuni mbili za sumaku

Mambo mengi tutakayoyajadili yanatokana na kanuni mbili. Kwanza, sumaku haivuti kila metali. Huvuta kwa nguvu chuma, nikeli, kobalti na baadhi ya michanganyiko yake, lakini haivuti shaba, dhahabu wala alumini. Pili, mvuto wake hupungua upesi sana umbali unapoongezeka. Sumaku iliyogandamana na bamba la chuma ni vigumu kuibandua, lakini ukitia kadibodi nyembamba baina yake na bamba, nguvu hiyo hupungua kwa kiasi kikubwa.

Katika miaka ya 1980 watafiti wa Japani na Marekani, kila upande kivyake, walivumbua sumaku inayotengenezwa kwa neodimiamu, chuma na boroni. Sumaku hii ni ndogo ilhali nguvu zake ni nyingi mno. Kwayo, mitambo midogo iliweza kubeba uzito ambao hapo awali ungehitaji sumaku kubwa na nzito.

Roboti mkwezi

Neno 'roboti' asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Lilienea duniani kutokana na tamthilia ya Karel Čapek iitwayo R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920. Roboti tunayoizungumzia hapa hukwea kuta za chuma kwa kutumia magurudumu au minyororo yenye sumaku. Kwa kuwa Waswahili wana neno lao la mtu akweaye minazi, napendekeza tuiite 'roboti mkwezi'.

Kazi yake ni ipi? Msomaji aliyepita Changamwe, Mombasa, ameyaona matangi makubwa ya mafuta. Tangi la namna hiyo huliwa na kutu, pengine kwa ndani, mahali pasipoonekana. Kwa desturi, ukaguzi hufanywa na mtu anayepanda juu ya jukwaa au kuning'inia kwa kamba, na kazi hiyo ina hatari zake. Roboti mkwezi hupanda badala yake, ikibeba kamera na kifaa cha kupima unene wa bamba.

Upimaji huo hufanywa kwa sauti. Kifaa hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mwanadamu haliwezi kuyasikia. Mawimbi hayo hupenya bamba, hugonga upande wa pili na kurudi kama mwangwi. Sauti husafiri ndani ya chuma cha pua kwa kasi ya takriban mita 5,900 kwa sekunde. Kwa hivyo, bamba lenye unene wa milimita 10 hurudisha mwangwi baada ya takriban sehemu 3.4 za milioni ya sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 2.7, bamba limebaki na milimita 8, na milimita 2 zimekwisha kuliwa.

Ili roboti isiteleze, sumaku peke yake haitoshi. Lazima pawe na msuguano. Tuchukue mfano wa roboti yenye uzito wa kilo 20 na magurudumu ambayo kizio chake cha msuguano ni 0.5. Sumaku zake hazina budi kuvuta ukuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 40, na hiyo ni kwa kutoteleza tu. Mhandisi huongeza nyingine nyingi, kwa sababu rangi nene, kutu na viungo vilivyochomelewa huiinua sumaku kidogo kutoka kwenye chuma, na tumekwisha kuona umbali mdogo unavyopunguza mvuto. Ni kwa sababu ya hatari ya kuanguka pia ndiyo wahandisi wengi hupendelea sumaku za kudumu kuliko sumaku-umeme: umeme ukikatika, sumaku ya kudumu haiachii.

Sumaku nyuma ya sikio

Tukitoka ukutani tuingie kliniki, tutakuta kanuni zile zile. Katika sikio lenye afya, mawimbi ya sauti hutikisa kiwambo cha sikio. Kiwambo nacho hutikisa vifupa vitatu ambavyo, kwa maumbo yao, huitwa nyundo, fuawe na kikuku. Mtikisiko huo huingia katika koklea, mfereji uliojiviringa mara mbili na nusu hivi mfano wa kombe la konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa ishara za umeme za kupelekwa ubongoni kwa njia ya neva. Seli hizo zikifa, hazioti tena.

Kwa mtu aliyepoteza seli hizo, kifaa cha kawaida cha kukuza sauti huenda kisimfae, kwa maana tatizo si udogo wa sauti bali ni kukosekana kwa kiungo cha kuigeuza. Mwaka 1957, jijini Paris, André Djourno na Charles Eyriès walijaribu kuichochea neva ya sikio moja kwa moja kwa umeme. William House aliiendeleza kazi ya namna hiyo huko Los Angeles kuanzia mwaka 1961. Mwaka 1978, huko Melbourne, Graeme Clark alimpandikizia mgonjwa kifaa chenye elektrodi nyingi, ambazo huwezesha sauti nyembamba na nzito kupelekwa sehemu tofauti za koklea.

Kipandikizi hiki cha koklea kina pande mbili. Nje ya kichwa mna maikrofoni, kichakataji na koili. Chini ya ngozi, nyuma ya sikio, mna kipokezi ambacho uzi wake wenye elektrodi umeingizwa katika koklea. Hapana waya unaotoboa ngozi. Koili ya nje hushikwa mahali pake na sumaku mbili zinazovutana, moja nje na moja ndani, na ishara hupita baina yao kwa mawimbi ya redio. Hapa ngozi huchukua nafasi ya rangi ya tangi. Ikiwa nene, koili huanguka. Ikiwa nyembamba na sumaku ikawa na nguvu kupita kiasi, ngozi hubanwa na kutoka kidonda. Kwa sababu hii wataalamu humchagulia kila mgonjwa sumaku yenye nguvu zinazomfaa.

Sumaku inapodhuru

Yapo madhara mawili ambayo kila mzazi na kila muuguzi angefaa kuyajua. La kwanza linahusu watoto. Mtoto akitia sumaku ndogo ya kuchezea katika tundu moja la pua na nyingine katika tundu la pili, sumaku hizo huvutana na kubana ukuta ulio katikati. Gegedu la ukuta huo hupata lishe kutoka kwa utando unaolifunika. Utando ukibanwa, damu hukoma kupita, nyama hufa na ukuta hutoboka. Kadiri ukuta unavyozidi kubonyea, ndivyo sumaku zinavyozidi kukaribiana na kuongeza nguvu. Mzazi asijaribu kuzichokoa. Ampeleke mtoto hospitalini mara moja.

La pili linahusu mashine za kupiga picha za mwili kwa uga sumaku. Nyingi kati ya hizo zina nguvu ya tesla 1.5 au 3, makumi ya maelfu ya mara kuzidi uga sumaku wa dunia. Mwenye kipandikizi akiingizwa humo bila tahadhari, sumaku iliyo chini ya ngozi inaweza kupinduka au kung'oka mahali pake. Baadhi ya vipandikizi vya siku hizi vina sumaku inayoweza kujizungusha ndani ya kasha lake ili ifuate uga wa mashine. Vingine huhitaji kichwa kifungwe bendeji imara, au sumaku itolewe kwanza kwa upasuaji.

Roboti na sikio zinapokutana

Kazi ngumu ya upasuaji huu ni kuingiza uzi wa elektrodi katika mfereji uliopinda bila kukwaruza kuta zake. Watafiti wa vyuo vikuu vya Vanderbilt na Utah, Marekani, wamebuni njia ya kutia sumaku ndogo kwenye ncha ya uzi. Roboti huusukuma uzi polepole, nao uga wa sumaku ulio nje ya kichwa huipinda ncha ifuate mzunguko wa koklea. Mwaka 2020 walichapisha matokeo ya majaribio katika mifano ya sikio na katika maiti. Ukutani sumaku huitia roboti nguvu za kung'ang'ania. Humu sikioni huufundisha uzi upole wa kutogusa.

Dhima ya istilahi

Tulirudie neno tulilolianzia. Siku hizi wapo wanaotumia 'chuma cha pua' kwa maana ya chuma kisichoshika kutu, kile cha masufuria yanayong'ara na matangi ya maziwa. Aina nyingi za chuma hicho hazivutwi na sumaku ipasavyo. Mhandisi akiandikiwa kwamba tangi ni la 'chuma cha pua', aelewe lipi? Akielewa vibaya, roboti yake itaanguka. Napendekeza 'pua' ibaki kwa chuma kigumu kwa jumla, nacho kile kingine kiitwe 'chuma kisichoshika kutu', japo jina ni refu.

Hatuanzi patupu. TUKI ilikwisha kutoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kilichosalia ni matumizi.

Hitimisho

Tumeona kwamba ukutani na kichwani sumaku hutii kanuni zile zile: ni metali gani iliyo mbele yake, na ni umbali gani ulio baina yao. Mwenye kuifasiri sayansi hana budi kujiuliza maswali ya aina hiyo kuhusu maneno yake: yanataja kitu gani, na yako mbali kiasi gani na msikilizaji? Mgonjwa anayelala mbele ya ile mashine ya picha hahitaji hotuba juu ya uwezo wa Kiswahili. Anahitaji muuguzi amuulize kwa maneno anayoyaelewa: "Je, una sumaku au kifaa chochote cha metali kilichopandikizwa kichwani au mwilini?" Swali hilo lisipoeleweka, mashine haitasubiri tafsiri.